Titanic ilibeba boti nyingi kuliko sheria ilivyotaka: mambo ya kushangaza kuhusu meli hii ambayo hayasimuliwi sana

Wanajukwaa, salaam.

Kila ifikapo katikati ya Aprili, habari za Titanic huibuka tena mitandaoni, na kwa kawaida ni zilezile: nahodha mwenye kiburi, mwamba wa barafu, matajiri waliozama na vito vyao. Nimefungua uzi huu kwa sababu naona kwamba jambo la kushangaza kuliko yote katika kisa hicho hutajwa kwa haraka na kuachwa. Meli ile ilipong'oa nanga Southampton tarehe 10 Aprili 1912 ilikuwa imekaguliwa na serikali, ilikuwa na cheti halali, na boti zake za uokozi zilizidi idadi iliyotakiwa na sheria ya Uingereza. Sehemu kubwa ya yale yaliyotokea baadaye, tangu watu kukosa nafasi kwenye boti hadi wajane kukosa mishahara ya waume zao, yalifanyika kwa kufuata kanuni na mikataba iliyokuwepo. Wanaotafuta mhalifu mmoja katika habari hii hupata taabu kumwona.

Tuanze na boti zenyewe. Zilikuwa 20: kubwa 14 za watu 65 kila moja, ndogo mbili za watu 40, na nne zenye pande za turubai zinazokunjwa, za watu 47. Jumla yake ni nafasi 1,178, ilhali usiku ule ndani ya meli mlikuwa na watu wapatao 2,200. Sheria ya usafiri wa majini ya mwaka 1894, pamoja na kanuni zake, ilipanga idadi ya boti kwa kuangalia ukubwa wa meli kwa tani, si idadi ya watu waliomo, na jedwali lake lilikomea kwenye meli za tani 10,000 na kuendelea, ambazo zilitakiwa kuwa na boti 16. Ilipotungwa, meli kubwa kabisa za abiria zilikuwa na tani zipatazo 13,000, kwa hiyo halikuwa jedwali la ajabu. Titanic ilikuwa na tani 46,328. Wakubwa wa Bodi ya Biashara ya Uingereza, iliyosimamia mambo hayo, walishuhudia meli zikikua mwaka hata mwaka, lakini jedwali halikuguswa.

Msomaji anaweza kudhani huo ulikuwa uzembe mtupu. Ulikuwepo, ila nyuma yake kulikuwa na hoja, na hoja hiyo ilikuwa na ushahidi. Mnamo Januari 1909 meli nyingine ya kampuni hiyohiyo ya White Star, iitwayo Republic, iligongwa na meli ya Florida ndani ya ukungu karibu na Nantucket, pwani ya Marekani. Mwendeshaji wa redio, Jack Binns, aliita msaada, meli nyingine zikafika, na abiria wakahamishwa kwa boti kidogo kidogo, hata Republic ilipozama kesho yake karibu watu wote walikuwa wamekwisha kuokolewa. Tangu hapo wataalamu wengi waliiona boti ya uokozi kuwa chombo cha kuvushia watu kutoka meli inayozama polepole hadi meli iliyokuja kusaidia, na ikiwa hivyo ndivyo, boti moja inaweza kwenda na kurudi mara nyingi. Titanic ilizama kwa muda wa saa mbili na dakika arobaini, na meli ya kusaidia haikuwepo.

Jambo lililonishangaza zaidi katika kumbukumbu za tume ya Uingereza iliyochunguza ajali hiyo ni ushahidi wa Sir Alfred Chalmers, aliyekuwa mshauri mkuu wa Bodi hiyo katika mambo ya ubaharia. Hata baada ya watu wapatao 1,500 kufa, alishikilia kwamba boti zingekuwa chache zaidi, watu wengi zaidi wangeokoka, kwa sababu wangezikimbilia na kuzijaza. Ni maneno yanayoudhi, na sitayatetea, lakini yamefunika ukweli mmoja ambao wanaosema "zingetosha boti, wangepona wote" hawautazami. Meli iligonga barafu saa 5:40 usiku wa tarehe 14. Boti ya kwanza iliteremshwa saa 6:45, yaani zaidi ya saa nzima baadaye, ikiwa na watu wapatao 28 katika nafasi 65. Boti namba 1 iliondoka na watu 12 katika nafasi 40, saba kati yao wakiwa wafanyakazi wa meli. Kufikia saa 8:20, meli ilipozama, boti mbili za mwisho zilikuwa bado hazijateremshwa kwa utaratibu. Maji yaliyofunika sitaha ndiyo yaliyozibeba. Boti 40 zisingepata muda wala mikono ya kuziteremsha, isipokuwa kama kazi ingeanza mapema na kwa mpango.

Kwa nini ziliondoka zikiwa na nafasi tupu? Abiria wengi hawakuona sababu ya kuacha meli yenye taa na joto na kuning'inizwa gizani juu ya bahari. Maofisa nao waliogopa kwamba boti iliyojaa ingevunjika kabla ya kugusa maji, ilhali wajenzi, Harland and Wolff wa Belfast, walikuwa wamekwisha kuijaribu boti ya aina hiyo kwa uzito wa watu 65 na ikahimili. Matokeo ya jaribio hilo hayakuwafikia waliosimama sitahani usiku ule. Tena amri ya "wanawake na watoto" ilitafsiriwa namna mbili katika meli moja: upande wa kushoto ofisa Charles Lightoller aliwazuia wanaume hata nafasi zikiwepo, na upande wa kulia ofisa William Murdoch aliwaruhusu ikiwa hakuna mwanamke karibu. Mwanamume aliyetoka chumbani na kugeukia kulia alikuwa na bahati kuliko mwenzake.

SEHEMU YA PILI: MIKATABA

Nimesema kanuni na mikataba, kwa hiyo niieleze. Kwa sheria ya wakati ule, mshahara wa baharia ulikoma pale meli ilipopotea, na kwa hiyo malipo ya wafanyakazi wa Titanic yalikatwa kufikia tarehe 15 Aprili, wale waliokufa na wale waliookoka vilevile. Wahandisi wa meli, ambao hakuna hata mmoja wao aliyetoka hai, waliziendesha injini za umeme hadi dakika za mwisho, na ndio sababu taa ziliendelea kuwaka wakati boti zikiteremshwa. Hesabu ya ujira wao ilifungwa siku hiyohiyo.

Wanamuziki wanane waliopiga hadi mwisho chini ya uongozi wa Wallace Hartley wanajulikana na kila mtu. Kisichojulikana sana ni kwamba hawakuwa wafanyakazi wa White Star. Waliajiriwa kupitia wakala wa Liverpool na walisafiri kwa tiketi ya daraja la pili, hivyo familia zao zilipodai fidia kwa sheria ya wafanyakazi, madai yalikwama kati ya mwenye meli aliyesema hawakuwa watu wake na wakala aliyekuwa na hoja zake. Baba wa kijana John Hume, mpiga fidla kutoka Dumfries, alitumiwa barua mwezi uleule wa Aprili akitakiwa alipe deni la sare ya marehemu mwanawe.

Waendeshaji wawili wa redio, Jack Phillips na Harold Bride, nao walikuwa waajiriwa wa kampuni ya Marconi, na kazi iliyoingiza fedha ilikuwa kutuma salamu za abiria. Usiku wa kuamkia tarehe 13 mtambo wao uliharibika, wakautengeneza wenyewe hadi alfajiri. Wasingefaulu, yamkini hakuna ambaye angesikia wito wa msaada. Lakini kuharibika huko kuliacha rundo la ujumbe ambao haujatumwa, na usiku wa tarehe 14 Phillips alikuwa akiutuma kwa kituo cha redio cha Cape Race, Newfoundland, wakati Cyril Evans, mwendeshaji wa redio wa meli ya Californian iliyosimama kwa sababu ya barafu si mbali na hapo, alipoingilia kumweleza kuhusu barafu hiyo. Phillips alimjibu anyamaze, ana kazi. Evans akazima mtambo na kulala muda mfupi tu kabla ya ajali, na hakuvunja sheria yoyote, kwani hakukuwa na kanuni ya kusikiliza usiku kucha na meli yake ilikuwa na mwendeshaji mmoja. Harold Cottam, mwendeshaji wa redio wa meli ya Carpathia, naye alikuwa anavua nguo alale, ila alibaki na visikilizi masikioni. Nahodha wake, Arthur Rostron, aligeuza meli iliyokuwa umbali wa maili 58 za baharini, akafika kwenye saa kumi alfajiri, akawaokota watu wapatao 710.

SEHEMU YA TATU: MADARAJA

Abiria wa daraja la kwanza waliookoka walikuwa wapata 62 kwa kila mia. La pili walizidi kidogo 40, na la tatu walikuwa kama robo. Hizo zinafahamika. Chini yake kuna mambo mawili ambayo hayatarajiwi. La kwanza, walioteketea kwa uwiano mkubwa kuliko wote ni wanaume wa daraja la pili, ambao hata mmoja kati ya kumi hakupona. Hawa ni walimu, wachungaji wa dini na wafanyabiashara wadogo, na wanaonekana kuwa ndio waliotii amri kikamilifu. La pili ni watoto. Wa daraja la pili waliokoka wote, wa daraja la kwanza alikufa mmoja tu, Loraine Allison wa miaka miwili, ilhali wa daraja la tatu walikufa zaidi ya nusu.

Tume ya Uingereza iliyoongozwa na Lord Mersey ilihitimisha kwamba abiria wa daraja la tatu hawakubaguliwa. Ilifikia hitimisho hilo bila kumhoji abiria hata mmoja wa daraja la tatu. Ukimwacha Bruce Ismay, aliyekuwa mwenyekiti wa kampuni, abiria waliotoa ushahidi London walikuwa Sir Cosmo Duff-Gordon na mkewe, wale wa boti namba 1. Seneti ya Marekani, iliyofanya uchunguzi wake, angalau iliwaita watatu wa daraja la tatu. Kuhusu mageti yaliyowatenga, hapo pia tunarudi kwenye sheria: Marekani ilitaka wahamiaji watengwe na abiria wengine kwa hofu ya magonjwa, na meli isiyotimiza hilo ingepata shida bandarini New York.

Abiria mweusi anayejulikana alikuwa Joseph Laroche, mhandisi kutoka Haiti aliyesomea Ufaransa na kukosa kazi ya kumfaa kwa sababu ya rangi yake. Alikuwa anarudi kwao na mkewe Juliette, aliyekuwa mjamzito, na mabinti wawili. Tiketi zao za awali zilikuwa za meli ya Kifaransa, lakini meli hiyo haikuruhusu watoto kula mezani na wazazi wao, hivyo wakabadilisha na kupata Titanic, daraja la pili, wakapandia Cherbourg. Mke na watoto waliokoka, na mtoto wa kiume aliyezaliwa Desemba mwaka huo alipewa jina la baba yake.

Kulikuwa pia na Wachina wanane, mabaharia waliokuwa wakienda kuanza kazi katika meli nyingine. Sita waliokoka, mmoja wao akitolewa majini na ofisa Harold Lowe, ambaye alirudi na boti yake kutafuta walio hai. Carpathia ilipofika New York walionusurika walipokelewa kwa nguo, chakula na michango, isipokuwa hao sita. Sheria ya mwaka 1882 iliwakataza Wachina kuingia Marekani, na katika muda wa siku moja walipelekwa kwenye meli ya mizigo na kuondoshwa. Magazeti yaliandika kwamba walijificha chini ya viti vya boti, na uvumi huo uliwaandama kwa miaka mingi.

Madaraja hayakuisha majini. Meli ya nyaya za simu, Mackay-Bennett, iliyokodishwa kutoka Halifax kutafuta miili, ilipata 306, na dawa za kuhifadhi hazikutosha. Miili 116 ilirudishwa baharini, mingi yake ya mabaharia na watu wa daraja la tatu. Nahodha wake, Frederick Larnder, alieleza bila kuficha kwamba waliohifadhiwa ni wale ambao huenda vifo vyao vingezua mashauri ya mirathi na mali. Mtoto mmoja mdogo aliyezikwa Halifax bila jina alitambuliwa kwa vipimo vya vinasaba mwaka 2007 kuwa Sidney Goodwin, wa familia ya Kiingereza ya watu wanane waliokufa wote.

MAJIBU KWA WALIOULIZA

Ndugu aliyesema barafu ilipasua ubavu wa meli kwa mita 90: hiyo ndiyo picha tuliyoizoea, lakini Edward Wilding wa Harland and Wolff alikokotoa mwaka uleule wa 1912, kwa kuangalia kasi ya maji kuingia, kwamba matundu yote yakijumlishwa hayakuzidi mita moja ya mraba na ziada, yaani kasoro ya mlango mmoja wa nyumba. Vipimo vya sauti vilivyofanywa kwenye mabaki mwaka 1996 vilikubaliana naye: ni nyufa nyembamba zilizotawanyika. Tatizo ni kwamba ziligusa vyumba sita vya mbele, na meli iliundwa kuhimili vinne tu vya mbele vikijaa. Kuta kati ya vyumba hazikufika juu vya kutosha, hivyo omo (sehemu ya mbele) lilivyozidi kuinama ndivyo maji yalivyomwagikia chumba kilichofuata.

Aliyeuliza kama kweli ilikatika vipande viwili: ndiyo, na walionusurika kadhaa, akiwemo kijana Jack Thayer, walisema hivyo tangu siku ya kwanza. Tume zilipendelea maelezo ya maofisa kwamba ilizama nzima. Ukweli ulithibitika tarehe 1 Septemba 1985, Robert Ballard na Jean-Louis Michel walipoikuta kwenye kina cha mita 3,800 hivi, omo na tezi (sehemu ya nyuma) zikiwa mbalimbali kwa mita zipatazo 600. Ballard alifichua mwaka 2008 kwamba safari ile iligharimiwa na jeshi la majini la Marekani ili akachunguze nyambizi mbili zilizozama, Thresher na Scorpion, na kutafuta Titanic kulikuwa kazi ya siku zilizobaki.

Mkuu uliyeleta habari za moto: ni kweli, makaa ya mawe yalikuwa yakiungua katika ghala moja tangu Belfast, na Frederick Barrett, msimamizi wa wachochea moto, aliyaeleza hayo mbele ya tume. Ulizimwa siku moja kabla ya ajali. Moto wa namna hiyo haukuwa jambo geni katika meli za makaa, na sioni ushahidi wa kutosha wa kuufanya chanzo. Kuhusu darubini, ambayo walinzi hawakuwa nayo usiku ule, Frederick Fleet, mlinzi aliyeiona barafu kwanza, alisema angekuwa nayo angeiona mapema kidogo, "kiasi cha kukwepa". Ufunguo unaohusishwa na kabati la darubini ulibaki na David Blair, ofisa aliyeondolewa melini kabla tu ya safari, na uliuzwa mnadani mwaka 2007 kwa pauni 90,000. Ni kisa kizuri, ila usiku usio na mwezi kwenye bahari tulivu kabisa, darubini si msaada mkubwa kama watu wanavyodhani.

Wale wa nadharia kwamba iliyozama ni Olympic, meli pacha ya Titanic, iliyobadilishwa jina ili kula bima: Titanic ilijengwa kwa pauni milioni moja na nusu na kukatiwa bima ya milioni moja. Huo ungekuwa wizi wa kujiibia. Tena namba iliyoonekana kwenye rafadha (panga zinazosukuma meli) ya mabaki ni 401, namba ya Titanic kiwandani. Olympic ilikuwa 400, na ilifanya kazi hadi mwaka 1935.

Dada aliyeuliza kuhusu fidia: waliodai Marekani walitaka zaidi ya dola milioni 16. Kampuni ilitumia sheria ya Marekani ya mwaka 1851 iliyomruhusu mwenye meli asidaiwe zaidi ya thamani ya kilichosalia baada ya ajali pamoja na nauli, na kilichosalia zilikuwa zile boti za uokozi. Mahakama ya Juu ya Marekani ilikubali mwaka 1914 kwamba kampuni ya kigeni nayo inaweza kujikinga kwa sheria hiyo. Hatimaye walielewana kwa dola 664,000, zigawanywe kwa wote.

Na ndugu wa mwisho, aliyesema kwamba angalau sheria zilirekebishwa. Zilirekebishwa, na haraka: mkataba wa kimataifa wa usalama wa maisha baharini ulitiwa saini London mnamo Januari 1914, doria ya barafu ikaanzishwa, na idadi ya boti ikaanza kuhesabiwa kwa vichwa vya watu. Marekani ilipitisha sheria yake Machi 1915. Ili kujiandaa nayo, wamiliki wa Eastland, meli ya matembezi ya maziwa makuu ya huko ambayo tayari ilijulikana kwa kuyumba, waliongeza boti na maboya sitaha ya juu mwanzoni mwa Julai. Tarehe 24 ya mwezi huohuo, ikiwa imepakia zaidi ya watu 2,500 na bado imefungwa gatini katika mto wa Chicago, ililalia ubavu na kuua watu 844.